Kutoka udiwani hadi bunge la jimbo Marekani: safari ya Deqa Dhalac wa Maine na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika

#1 Ngalawa_Mbili (mtoa uzi)

Wakuu, habari za humu. Uchaguzi wa Marekani ukikaribia tunabishana kuhusu rais, seneta wa Washington, basi. Mabunge ya majimbo hayaguswi kabisa, na ndiyo yanayopanga habari za shule, polisi, kodi ya pango, leseni na misaada ya wageni wanaoingia. Ndugu zetu wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda waliofikia Portland na Lewiston, miji ya jimbo la Maine, wanaishi chini ya sheria hizo kila siku.

Nachukua mfano mmoja, Deqa Dhalac. Amezaliwa Mogadishu, akaingia Marekani mwaka 1992, akaishi Atlanta kabla ya kuhamia Maine. Kitaaluma ni mtu wa ustawi wa jamii. Mwaka 2018 alichaguliwa diwani wa South Portland, mji wa watu 26,000 na ushee uliotenganishwa na Portland na mdomo wa mto tu. 2020 akarudi bila mpinzani. Desemba 2021 akaapishwa kuwa meya, Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kushika umeya popote nchini humo. Novemba 2022 akashinda kiti cha Baraza la Wawakilishi la Maine, wilaya ya 120. Siku hiyo hiyo Mana Abdi alishinda kiti cha Lewiston, kwa hiyo wanawake wawili wa Kisomali waliingia bunge hilo kwa mara ya kwanza pamoja.

Tahadhari ya maneno kabla hatujachanganyana. Hapa "jimbo" ni Maine yote. Eneo la mbunge nitaliita "wilaya", maana ukisema jimbo kwa maana ya Bongo utapotea njiani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge: kutoka umeya kwenda bunge la jimbo si kupanda cheo. Ni kubadilisha kazi. Unatoka mahali ambapo wewe ni mmoja kati ya madiwani 7, unakwenda kuwa mmoja kati ya wawakilishi 151.

#2 Kijiweni_Tandale

Mtoa uzi, huo umeya alipigiwa kura na wananchi? Maana diwani wa miaka mitatu kuwa meya ni haraka mno.

#3 Ngalawa_Mbili

Hapana, na hapo kwetu tutaelewa haraka kuliko Wamarekani wenyewe. South Portland baraza lina madiwani 7, nao ndio wanaomchagua meya miongoni mwao, kama madiwani wa manispaa za Tanzania wanavyofanya. Dhalac alipata kura za wenzake wote. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, umeya wao ni wa mwaka mmoja, wa kwetu ni hadi baraza linavunjwa. Ya pili ndiyo kubwa: mkurugenzi wa mji wanaajiri na kumfukuza madiwani wenyewe. Kwetu mkurugenzi anateuliwa na Rais, diwani akimkasirikia atabaki kukasirika tu.

Meya wao anaongoza vikao, anapanga ajenda na mkurugenzi, anakata utepe. Kura yake ni moja kama ya mwenzake. Anayeendesha mji kila siku ni mkurugenzi.

Kwa hiyo aliposogea bungeni hakuacha himaya yoyote. Umeya wa mwaka mmoja ungeisha tu.

#4 Wadi_ya_Kongowea

Sisi Kenya umeya ulizikwa na katiba ya 2010, siku hizi ni magavana na MCA (wajumbe wa bunge la kaunti). Swali langu ni la kawaida kabisa: huyu mbunge wa Maine anapewa CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo la mbunge) ngapi?

#5 Ngalawa_Mbili

Sufuri 😀 Hakuna mfuko wa jimbo, si kama wa kwenu wa 2003 wala wa kwetu wa 2009. Mbunge wa Maine hajengi darasa, hanunui gari la wagonjwa, hachangii harusi. Hana hata ofisi wilayani, na msaidizi wake wa kazi anagawana na wenzake wa chama.

Mshahara nao ni wa kusikitisha. Kwa muda mrefu malipo ya kipindi kizima cha miaka miwili hayakufika dola 30,000. Wakayapandisha kuanzia bunge lililoingia Desemba 2024, lakini bado hakuna anayeishi kwa hayo peke yake. Ndiyo maana ukumbini utakuta wastaafu wengi, wakulima, mawakili na watu wenye biashara zao. Mwenye kazi ya saa mbili hadi saa kumi na moja inambidi amwombe mwajiri ruhusa kuanzia Januari hadi Juni. Watu wengi wazuri wa mabaraza ya miji wanakwama hapo, si kwenye kura. Vikao vya udiwani ni jioni, vya bunge ni mchana, Augusta, makao makuu ya jimbo, na kutoka South Portland ni karibu kilomita 100 kwenda tu. Theluji ya Februari ongeza.

#6 Mzee_wa_Fomu

Naomba niingie kwenye hatua za kugombea, maana watu wanadhani Marekani ni mabilioni tu. Kiti cha Baraza la Wawakilishi Maine ni kama watu 9,000. Gawanya wenyewe: sensa ya 2020 iliwapa watu 1,362,359, viti 151. Kata nyingi za Dar zinaimeza wilaya hiyo na nafasi inabaki.

Sifa kwa mujibu wa katiba yao: umri miaka 21, uwe raia wa Marekani kwa miaka 5, mkazi wa Maine mwaka 1, na mkazi wa wilaya yenyewe miezi 3. Useneti wa jimbo ni miaka 25. Kwa hiyo aliyeapa uraia 2018 hakuweza kugombea 2022. Hiyo miaka mitano inahesabiwa kwa uraia, si kwa kadi ya ukazi.

Halafu wadhamini. Mgombea wa chama anahitaji saini zisizopungua 25 na zisizozidi 40. Naam, 25, kama wadhamini wa mgombea ubunge Tanzania. Zinakusanywa kuanzia Januari 1, na zinafika kwa Katibu wa Jimbo kufikia Machi 15. Kabla ya hapo kila karatasi ipitie kwa karani wa mji ahakiki majina kwenye daftari la wapigakura.

Watu wanaanguka hapa:

- Aliyesaini si mwanachama wa chama chako. Maine ina wapigakura wengi wasio na chama, wanasaini kwa upole tu na saini haihesabiwi.
- Aliyesaini anaishi ng'ambo ya barabara, wilaya nyingine. Mipaka ilichorwa upya 2021 na namba zote zikabadilika. Waliogombea 2022 walikuta jirani zao hawajui tena wako wilaya gani.
- Mzungushaji wa karatasi, yaani anayekusanya saini, hajaapa mbele ya mthibitishaji wa viapo. Hapo karatasi nzima inakwenda na maji, na saini zote zilizomo.
- Kupeleka kwa karani siku ya mwisho. Karani wa mji mdogo anaweza kuwa ofisini siku mbili kwa wiki.

Ushauri wa waliozoea ni kupeleka 38 au 39. Ukipeleka 26, moja ikikataliwa unapumua, mbili zikikataliwa umekwisha.

#7 Kijiweni_Tandale

Mzee wa Fomu, na pesa? Hapo ndipo kwetu mtu anauza kiwanja.

#8 Mzee_wa_Fomu

Maine wana kitu kinaitwa Uchaguzi Safi. Wananchi walikipitisha wenyewe kwa kura mwaka 1996, kikaanza kutumika 2000. Mgombea akionyesha kwamba watu wa wilaya yake wanamtaka, serikali inamlipia kampeni, na yeye anaacha kabisa kupokea fedha za matajiri na makampuni.

Kuonyesha kwenyewe: michango 60 ya dola 5 kila mmoja, kutoka kwa wapigakura waliojiandikisha wilayani. Useneti ni 175. Zile dola 5 si zako, zinakwenda kwenye mfuko wa umma. Mwisho kwa wagombea wa vyama ni Aprili 20. Kabla ya kufuzu unaruhusiwa "fedha za mbegu" kidogo, kila mtu asizidi dola 100, za kununulia vipeperushi vya kwanza na mafuta ya gari.

Ukifuzu, sheria waliyoirekebisha kwa kura ya wananchi 2015 iliweka takriban dola 5,000 za kuanzia kwa uchaguzi mkuu wenye mpinzani, kisha takriban 1,250 kwa kila michango mingine 15 ya dola 5 utakayoleta, hadi mara nane. Viwango vinapandishwa kufuata bei za maisha.

Kosa la kawaida: mgombea anamlipia shangazi ile dola 5. Haramu. Kila mchangiaji atoe mfukoni mwake na asaini. Na kila senti unayotumia inaripotiwa kwa tume ya maadili. Kinachobaki kinarudishwa, hupeleki familia ufukweni.

Sina hakika kama Dhalac alitumia njia hii, kwa hiyo simsemei. Ila ndiyo njia ya wagombea wengi wa bunge lile, vyama vyote.

#9 Wadi_ya_Kongowea

Na mchujo wa chama? Kwetu mchujo ndio vita, uchaguzi mkuu ni sherehe.

#10 Mzee_wa_Fomu

Kule pia, kwa wilaya za mjini. South Portland ni ngome ya Democrats, ukishinda mchujo wa Juni umemaliza. Kitu cha pekee: kwenye mchujo wanapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3. Akikosekana wa kupita nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia chaguo la pili la waliompigia. Uchaguzi mkuu wa viti vya bunge la jimbo hawatumii utaratibu huo, maana mahakama kuu yao ilisema 2017 kwamba katiba yao inataka aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, basi. Watu wanaenda kituoni Novemba, wanakuta karatasi moja ina mitindo miwili, kiti cha Washington kwa namba na kiti cha Augusta kwa alama moja. Ukiwa unamsaidia mzee kujaza, mweleze hilo kwanza.

#11 Pwani_Mchangani

Mimi nampinga mtoa uzi. Eti si kupanda cheo! Diwani anatunga sheria ndogo, mbunge anatunga sheria. Sheria mama ikipita, sheria ndogo inakufa. Nani mkubwa hapo?

#12 Ngalawa_Mbili

Hoja nzuri, na South Portland yenyewe ina mfano. 2014 baraza lilipiga marufuku kupakia mafuta ghafi kwenye meli bandarini. Kampuni ya bomba la mafuta ikaushitaki mji. Kesi ikaburuzwa miaka, na moja ya hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo unayosema: je, sheria ya jimbo inaifuta sheria ndogo ya mji? 2020 mahakama kuu ya Maine ikasema haiifuti. Dhalac aliingia udiwani kesi ikiwa mezani. Diwani yeyote aliyepita kwenye moto kama ule anajifunza kwamba kinachoandikwa Augusta kinaweza kufunga au kufungua mikono ya mji.

Lakini ukubwa wa sheria si ukubwa wa mtu. Diwani akiwashawishi watatu, wanakuwa wanne kati ya saba, barabara inatengenezwa. Mbunge anahitaji 76 kama wote wapo, halafu Seneti ya watu 35, halafu gavana. Diwani anaweza kuonyesha kitu alichokifanya kabla ya mwaka kwisha. Mbunge wa kipindi cha kwanza mara nyingi anaonyesha muswada uliokufa vizuri.

#13 Mwandani_wa_Kamati

"Uliokufa vizuri" imenichekesha, lakini ni kweli. Niongeze jinsi unavyokufa, maana hapa ndipo madiwani waliohamia bungeni wanashangaa.

Maine kamati ni za pamoja: maseneta 3 na wawakilishi 10 meza moja, jumla 13. Majimbo mengi kila nyumba ya bunge (Wawakilishi na Seneti) ina kamati zake. Kila muswada unapewa namba inayoanza na LD, na desturi yao ni kwamba kila muswada unapata siku ya kusikilizwa hadharani. Kamati haiuzimi kimya kimya droo ya mwenyekiti, kama yanavyofanya majimbo mengine.

Baada ya kusikilizwa kuna kikao cha kazi. Wananchi wanaruhusiwa kukaa na kutazama, kusema hapana mpaka waulizwe. Hapo kamati inapiga kura: upite, upite na marekebisho, au usipite. Wote 13 wakisema usipite, umezikwa, na kuufufua kunahitaji theluthi mbili za nyumba zote mbili. Wakigawanyika, ripoti zote mbili zinakwenda ukumbini na wabunge wanachagua ipi waikubali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mbunge mwenye muswada si hotuba. Ni kumpata hata mjumbe mmoja wa kamati asiungane na wengine kuuzika.

Kifo cha pili: Wawakilishi wanasema ndiyo, Seneti inasema hapana, kila upande unashikilia lake. Muswada unafia katikati.

Kifo cha tatu ndicho kibaya. Muswada una gharama, hata dola elfu chache. Umepita nyumba zote mbili, watu wamepiga makofi, wamepiga picha. Unawekwa kwenye "meza" ya kamati ya bajeti usubiri fedha. Mwisho wa msimu wanaangalia kilichobaki, michache inachukuliwa, mingi inaachwa pale pale ife bunge likiahirishwa. Hakuna aliyeupinga, na haukupita. Diwani aliyezoea kupigia kura bajeti yake mwenyewe ukumbini hilo linamkera kweli.

Wenye uzoefu wanaandika muswada usiogusa fedha, au wanasukuma jambo lao liingizwe ndani ya bajeti yenyewe mapema.

#14 Kijiweni_Tandale

Sasa huyu Dhalac ana muswada wowote uliopona?

#15 Ngalawa_Mbili

Anao mmoja mkubwa, LD 1971, na safari yake ni darasa. Unawazuia polisi wa jimbo na wa miji kufanya kazi ya idara ya uhamiaji ya serikali kuu, kwa mfano kumshikilia mtu kwa sababu tu idara hiyo imeomba. Ulipita nyumba zote mbili Juni 2025.

Kwa kawaida gavana ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Anasaini, au anarudisha kwa kura ya turufu, au ananyamaza na muswada unakuwa sheria bila saini. Turufu inavunjwa kwa theluthi mbili. Lakini bunge likiwa limeshaahirishwa, katiba inampa gavana nafasi ya kukaa nao mpaka siku tatu baada ya bunge kukutana tena. Gavana Janet Mills alifanya hivyo, akaukalia kutoka Juni. Desemba 2025 akatangaza kwamba ataacha uwe sheria bila saini yake.

Na kupita si mwisho. Sheria ya kawaida inaanza kutumika siku 90 baada ya bunge kuahirishwa. Ukitaka ianze papo hapo uiite ya dharura, na ya dharura inataka theluthi mbili. Kwa muswada wa ubishi kama ule, theluthi mbili sahau.

#16 Pwani_Mchangani

Nakubali nusu. Ila bado hujaeleza kwa nini meya aende akahangaike hivyo.

#17 Mwandani_wa_Kamati

Kwa sababu ya bili inayofika mjini kutoka juu.

Mfano wa Maine ni huu. Kila mji unalazimishwa na sheria ya jimbo kutoa msaada wa dharura kwa asiye na uwezo: pango, chakula, dawa. Jimbo linaurudishia mji asilimia 70. Asilimia 30 inatoka kodi ya majengo ya wenyeji. Juni 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland ndani ya siku chache wakalazwa kwenye ukumbi wa michezo wa Expo. Miaka iliyofuata hoteli za South Portland zikajaa familia zinazotafuta hifadhi.

Kwa nini wasifanye kazi wajilipie? Sheria ya serikali kuu. Lazima siku 150 zipite tangu uwasilishe ombi la hifadhi ndipo uombe kibali cha kazi, na kibali hakitoki kabla ya siku 180. Na siku zinahesabiwa tangu ombi liwasilishwe, si tangu ulipofika. Bila wakili, mtu anaweza kukaa miezi kabla hata hajaanza kuhesabiwa. Wakati wote huo mji unalipa ile 30.

Sasa kaa kwenye kiti cha diwani. Uhamiaji uko Washington. Kanuni ya 70 kwa 30 iko Augusta. Kwako imebaki risiti. Diwani mwenye akili anajua ni mlango upi unaofunguka kwa watu 9,000, na ni wa Augusta.

#18 Ngalawa_Mbili

Hapo umenisaidia kuliko nilivyojieleza mwenyewe. Na ndiyo maana naona madiwani wa zamani wanakuwa wabunge wazuri wa vitu vidogo: wanajua karani wa mji ana watumishi wangapi, wanajua agizo la "miji itafanya hivi" bila fedha maana yake ni nani kupunguziwa nini.

Udhaifu wao ni kwamba wanabaki kuusemea mji wao tu. Maine ni Portland, lakini pia ni Aroostook kule mpakani na Canada, viazi na misitu. Mbunge wa pwani asiyemsalimia wa viazi hapati kura.

Muda nao ni mfupi. Kipindi ni miaka 2, ukomo ni vipindi 4 mfululizo. Wakifika hapo wengine wanavuka kwenda Seneti, wakimaliza huko wanarudi tena upande wa kwanza. Sheria inakataza kukaa kiti kimoja mfululizo, haikatazi kuzunguka 😀

#19 Ziwa_Kivu

Asante kwa uzi. Niko na ndugu Lewiston, wanasikia muswada wa nyumba unakuja na wanataka kusema. Si raia. Wanaruhusiwa? Na wanasemaje Kiingereza kikiwa kidogo?

#20 Mwandani_wa_Kamati

Wanaruhusiwa. Kutoa maoni kamatini si kupiga kura, hawaulizwi uraia.

Watafute namba ya LD kwenye tovuti ya bunge, waone kamati na tarehe. Wajiandikishe mtandaoni na kuchagua moja kati ya tatu: wanaunga mkono, wanapinga, au hawako upande wowote. Wanaweza kwenda Augusta au kusema kwa video. Muda mara nyingi ni dakika tatu, na kengele haina huruma. Wanaokwenda wenyewe wachukue nakala kama 20 za maandishi.

Maandishi yawe ukurasa mmoja: jina na mji wanaoishi, namba ya LD, wanataka nini, sababu moja au mbili zenye namba (pango ni kiasi gani, wamesubiri kibali siku ngapi). Kiingereza kikiwa kidogo, waandike kwa msaada wa mtu kisha wasome polepole, au wawasilishe maandishi bila kusema. Mkalimani wamwombe kwa karani wa kamati siku kadhaa kabla, si asubuhi ile.

Jambo moja la kuwaonya: maandishi yanawekwa wazi kwenye tovuti na yanabaki huko. Mwenye kesi ya hifadhi asiandike habari za kesi yake, namba ya simu wala anwani ya nyumba. Aongee na wakili wake kwanza.

Na wamwandikie mbunge wao wa Lewiston kabla ya siku ya kamati. Watu 9,000 ni wachache, barua tano za wilaya moja zinaonekana.

#21 Ziwa_Kivu

Nimeelewa. Nawatumia leo usiku.